Maswali ya Wasomaji: Kurudia Anime Zilezile za Zamani

Dada, habari za kazi. Napenda anime, yaani katuni za Kijapani, tangu nikiwa shule, lakini siku hizi mpya hazinivuti. Nikipata nafasi usiku narudi kwenye Haibane Renmei, Mushishi au Aria, zile za taratibu zisizo na mapigano. Nyingine nimezijua kiasi kwamba natamka maneno kabla mhusika hajayasema. Kaka yangu anafuatilia kila kinachotoka, na ananiambia nimeganda, napoteza muda kwa hadithi ambazo mwisho wake naujua. Je, kuna ubaya? Na nimjibu nini?

Mdogo wangu, ubaya haupo. Tena umenigusa penyewe, maana hizo tatu ndizo ninazozirudia mimi pia, na nitazitetea mbele ya yeyote.

Kaka yako anaingia kwenye kila anime na swali moja: nini kitatokea? Kwa anime za vita na mashindano ana haki, kwa sababu zimejengwa juu ya swali hilo, na ukishajua nani kashinda, nusu ya utamu imekwisha. Na mpya hazimpi hata nafasi ya kupumua. Televisheni ya Japani hubadilisha ratiba mara nne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila duru inakuja na rundo lake. Anayetaka kuzifuata zote hana muda wa kurudi nyuma. Hilo simlaumu.

Lakini chukua hiyo Haibane Renmei ya mwaka 2002, kazi ya Yoshitoshi ABe, epizodi 13 tu. (Wasomaji ambao hamjaiona, rukeni aya hii na inayofuata, nawaomba sana.) Rakka anazaliwa kutoka kwenye kifukofuko kikubwa kama cha kipepeo, ndani ya jengo kuukuu, katika mji uliozungukwa na ukuta. Muda mfupi baadaye anashikwa na homa, na mabawa yanampasua mgongo yakitoka. Damu inatoka, analia. Reki, mkubwa wa wenzake wenye mabawa wanaoishi pale, anabaki naye kitandani. Mabawa yakishatoka, anachukua brashi na kuanza kuyasafisha, unyoya kwa unyoya, hadi yanakuwa safi, na Rakka mwenyewe keshalala.

Ukiitazama mara ya kwanza unasema, huyu dada ana roho nzuri, basi, unasonga mbele. Ni mpaka mwishoni ndipo unapoambiwa kwamba Reki alipozaliwa hakukuwa na mtu kando ya kifukofuko chake, na kwamba mabawa yake yeye yalitoka na madoa meusi. Sasa rudi pale kitandani. Mtazame anavyoinama na ile brashi, anavyokataa kuondoka. Anamfanyia mwenzake kitu ambacho yeye hakufanyiwa, na anayapa mabawa ya mwenzake usafi ambao yake hayakuzaliwa nao. Picha ni ileile, hakuna hata mstari uliobadilishwa. Wewe tu ndiye unayejua zaidi. Sasa niambie, anayeujua mwisho ndiye anayepoteza muda, au ni yule aliyepita hapo mara moja na kwenda zake?

Mushishi nayo ina mambo hayohayo, kwa njia yake. Ginko, msafiri anayezunguka vijijini, anatokea na nywele nyeupe, jicho moja tu, la kijani, na sigara mdomoni, wala hakuna anayekueleza chochote. Epizodi ya 12 ndiyo inayosimulia jicho la pili lilikwenda wapi, na jina lake alilipataje. Baada ya hapo kila kijiji anachoingia na kutoka kinakuwa na uzito mwingine, kwa sababu unajua kwamba akikaa mahali pamoja muda mrefu, mushi, wale viumbe wa ajabu ambao watu wengi hawawaoni, humkusanyikia, na moshi wa sigara ndio unaowafukuza. Hapo kabla ulidhani ni mvutaji tu. Halafu kila epizodi inafungwa na muziki wake, uliotungwa na Toshio Masuda kwa ajili ya hadithi hiyo. Mimi huwa siruki majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni kwa sababu hiyo, na nakusihi nawe usiyaruke.

Kuhusu kuganda: unakula, unalala, unafanya kazi, unaonana na watu? Basi hujaganda. Kama ungekuwa unajifungia na anime ili usionane na mtu, ningekujibu tofauti, na hata hapo shida isingekuwa anime.

Kaka yako usimjibu kwa maneno. Mwombe epizodi moja tu, ya kwanza ya Mushishi, yule kijana Shinra ambaye kila anachokichora kwa mkono wa kushoto kinapata uhai. Inajitegemea, inaanza na kuisha palepale. Kaa naye, na usimtajie kinachokuja. Asipopenda, mwache na zake, nawe uendelee na zako.

Mwandishi, salaam. Nimeanza kutazama anime za miaka ya sabini na themanini, na naona rangi zake zina joto fulani ambalo za sasa hazina. Ni macho yangu, au kweli kuna tofauti?

Kweli kuna tofauti, ndugu yangu, na ni ya mikono. Zamani mistari ya mchoro ilihamishiwa kwenye karatasi ya plastiki inayopenya mwanga, iitwayo seli. Wapakaji wakaigeuza na kuijaza rangi kwa upande wa nyuma, ili brashi isifunike mistari. Seli ililazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa rangi za maji, ikapigwa picha, ikaondolewa, ikawekwa nyingine. Sekunde chache za mtu kugeuza shingo zingeweza kula seli kadhaa. Kwa kuwa vyote vilipita kwenye filamu, unaona zile chembechembe, rangi inayotetemeka kidogo, pengine hata vumbi lililonaswa chini ya kamera. Ndilo hilo joto unalolisema.

Kuelekea mwaka 2000 studio zilianza kupaka rangi kwa kompyuta, na baada ya miaka michache karibu zote zilikuwa zimehama. Sazae-san, iliyoanza kurushwa mwaka 1969 na bado inaendelea, iling'ang'ania seli hadi 2013.

Tahadhari moja: matoleo mengine mapya yamesafishwa kupita kiasi, chembechembe zikafutwa, na sura za watu zikabaki laini kama zimepakwa nta. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua toleo lililoacha filamu ionekane.

Na kama bado hujaitazama Heidi ya mwaka 1974, acha yote uanze hiyo. Isao Takahata aliiongoza, na Hayao Miyazaki ndiye aliyepanga mkao wa picha zake. Mwaka 1973 walikwenda Uswisi pamoja na Yoichi Kotabe kuona milima, nyumba na malisho kwa macho yao, jambo ambalo kwa katuni ya televisheni wakati ule halikuwa la kawaida. Matunda yake unayaona babu anapoishika jibini karibu na moto. Uso wa jibini unaanza kung'aa, unalegea, anaupaka kwenye mkate, na Heidi anaukodolea macho. Hakuna kingine kinachotokea. Walipewa epizodi 52 za kujaza, na wakaona inafaa kutumia muda wao kwa jibini. Mimi nawashukuru.

Shikamoo dada. Rafiki yangu ananisifia sana Aria. Nimefika epizodi ya tatu na sioni kinachotokea: wasichana wanapiga makasia, wanakunywa chai, jua linazama. Wengine wananiambia msimu wa mwisho ndio wenye uzito. Je, niruke moja kwa moja hadi huko?

Marahaba, mwanangu. Usiruke.

Nakuelewa, maana Aria haina haraka hata kidogo. Ni Sayari ya Mars iliyogeuzwa kuwa ya maji, mji umejengwa upya kwa mfano wa Venice, na Akari anajifunza kuendesha boti na kutembeza wageni kwenye mifereji. Hata majina ya mwanzo yanapita juu ya epizodi ikiwa tayari imeanza, na wimbo unaimbwa huku Akari yuko kazini, badala ya kukuletea zile picha za haraka za kukusisimua. Unaingizwa polepole, kama unavyokaribishwa kwenye nyumba ya watu.

Nitakupa kitu kimoja cha kufuatilia, kisha uone kama bado utasema hakuna kinachotokea: glavu. Mwanafunzi mpya huvaa mbili, kwa sababu mikono isiyozoea hulikamata kasia kwa nguvu na kutoka malengelenge. Akipanda daraja huvua moja. Aliyefuzu kabisa hana glavu hata moja, kama Alicia, mwalimu wa Akari. Kwa hiyo kila unapomwona Akari akishika kikombe, akipunga mkono, akimbembeleza yule paka mnene, mkono wake unakueleza amefika wapi. Hakuna atakayekukumbusha. Unauona tu, msimu hadi msimu.

Ipo siku, kwenye msimu wa mwisho, ambapo glavu iliyobaki inavuliwa, na anayeivua ni Alicia. Hao wanaokuambia ule msimu una uzito wanasema kweli. Lakini uzito wenyewe umewekwa huku nyuma, kwenye hizo chai na machweo unayoyalalamikia. Ukiruka, utamwona msichana anavuliwa glavu. Ukipita njia nzima, utakuwa umefuatana naye tangu alipokuwa bado mwanafunzi wa glavu moja.

Jambo jingine, na hili naliona zito kila ninapoirudia. Yumo mwendesha boti mmoja, Athena, mpole, anayesifika kwa kuimba. Anapozungumza, sauti ni ya Tomoko Kawakami. Anapoimba, ni ya Eri Kawai. Kawai alifariki mwaka 2008, mwaka uleule msimu wa mwisho uliporushwa. Kawakami akafuata mwaka 2011. Aria iliporudi kwa filamu ya mwaka 2021, Athena alipewa sauti ya mwigizaji mwingine, na alifanya kazi nzuri. Lakini wimbo wa Athena ukianza juu ya maji katika zile za awali, zima simu, usiongee na mtu.

Mpangilio ni huu: Aria the Animation ya 2005, epizodi 13, Aria the Natural ya 2006, epizodi 26, halafu Aria the Origination ya 2008, epizodi 13. Hiyo ya katikati ndiyo ndefu, na ndiyo ambayo watu wengi huikimbia. Itazame kwa epizodi moja moja, jioni, baada ya kazi zote kuisha. Ukiipeleka kwa mpigo itakuchosha, na hapo utailaumu bure.