Kwa unayeanza kupima kujiamini kwa wanafunzi wanaohamia digrii za sayansi

Ukianza kazi hii huku Marekani, ya kuwafuatilia wanafunzi wanaotoka vyuo vya jamii vya miaka miwili kwenda kumalizia digrii ya sayansi chuo kikuu, siku ya kwanza utakabidhiwa dodoso. Lisome kabla hujaligawa. La kwangu la kwanza liliuliza: "Je, unajiamini katika sayansi?" Karibu wote walijibu ndiyo, tena sana. Nikafurahi, hadi nilipokaa na dada mmoja aliyekuwa akihudumia wazee usiku na kusoma mchana. Aliniambia alijibu vile kwa sababu anaipenda sayansi. Kalkulasi ya muhula ule ilikuwa ikimkosesha usingizi, ila hilo hakuna aliyemuuliza.

Basi uliza kuhusu kazi yenyewe ambayo mwanafunzi anatakiwa kuifanya. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeanza kuieleza nadharia ya imani ya mtu katika uwezo wake (self-efficacy) mwaka 1977, alisisitiza kuwa imani hiyo hufungamana na jambo mahususi. Mwongozo wake wa mwaka 2006 unapendekeza kipimo cha 0 hadi 100, kwa hatua za kumi kumi, na neno "naweza" badala ya "nitafanya". Usilipuuze hilo. "Nitafanya" ni nia, na nia njema kila mgeni anayo. Andika hivi: "Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kuandika ripoti ya maabara bila kuelekezwa hatua kwa hatua?" Kisha pandisha ugumu: ukiwa na wiki nzima, ukiwa na siku mbili, ukiwa umetoka kazini alfajiri. Hapo ndipo utakapoona namba zinaanza kuachana.

Sasa jiandae kwa jambo litakalokutisha. Utapima wakifika, utapima tena muhula ukiisha, na wastani utakuwa umeshuka. Wakubwa watauliza kama mradi umeshindwa. Usikimbilie kukubali. Kushuka kwa alama za masomo baada ya kuhama kunajulikana tangu utafiti wa J. R. Hills wa mwaka 1965, na kujiamini nako kunaweza kufuata njia hiyo. Lakini kuna sababu nyingine iliyofichika zaidi: rula imebadilika mkononi mwa mwanafunzi. Aliyejipa 80 mwezi wa nane alikuwa hajaona maabara ya chuo kikuu ilivyo, na anayejipa 65 mwezi wa kumi na mbili huenda anaweza mengi kuliko yule wa 80. Kwa hiyo mwisho wa muhula ongeza swali: "Kwa unavyojua sasa, siku ulipofika ungejipa ngapi?" Liweke kando ya kipimo cha mwanzo, wala lisichukue nafasi yake, maana kumbukumbu nayo hupendelea.

Waliokwishaondoka hawajibu dodoso la pili. Ukilinganisha wastani wa wanafunzi mia moja wa mwanzo na wa wale sabini waliobaki, utaandika habari njema isiyokuwepo. Linganisha watu walewale, kisha rudi utazame waliotoweka walijipa ngapi mwanzoni.

Hili linaniuma zaidi: tusimbebeshe mwanafunzi lawama za mfumo. Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, GAO, ilikadiria katika ripoti ya mwaka 2017 kwamba wanafunzi wanaohama vyuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vya masomo waliyokwisha kufaulu vinavyohesabiwa kuelekea digrii. Mtu anayeambiwa arudie somo alilokwisha kufaulu atajipa 40, na warsha ya kumtia moyo haitamrudishia krediti hizo.

Kwa hiyo chini ya kila namba acha mistari miwili mitupu na uandike: "Kwa nini namba hii?" Yule dada, muhula uliofuata, alijipa 50 kwenye kalkulasi. Kwenye mistari ile aliandika kwamba somo analielewa, ila saa za kusaidiwa na mwalimu zinagongana na zamu yake.