Kifundo cha mguu kuteguka wakati wa kushuka mlima

Kaka, umeuliza kwa nini kifundo kinapinda ukishuka mlima Loleza lakini si ukipanda. Kupanda kunakata pumzi. Kushuka ndiko kunakochosha misuli vibaya, kwa sababu vigimbi na misuli ya upande wa nje wa muundi inafanya kazi huku inavutwa, kama breki. Ikichoka hivyo, nguvu inatoka kwa kuyumbayumba: unataka kukanyaga kwa kiasi, mguu unatoa pungufu au unazidisha. Vihisio vya ndani ya misuli navyo vinaupa ubongo taarifa potofu. Unadhani wayo uko bapa, kumbe umeinamia ndani kidogo, ukigusa jiwe tu, kwisha. Misuli ya nje huanza kujibu baada ya takriban milisekunde 60 hadi 80, na hapo kifundo huwa kimeshapinda.

Jipime: pekupeku, mguu mmoja, sekunde 30 kabla ya mazoezi, kisha baada. Ukiyumba zaidi mara ya pili, ndiyo uchovu wenyewe.

Kuimarisha misuli hiyo, simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, shusha visigino kwa sekunde 3, mara 15, raundi 3, siku 3 kwa wiki. Funga tyubu ya baiskeli kwenye wayo, sukuma kwa nje, urudi polepole (wengi huuachia mpira ukawarudisha, hapo sehemu kubwa ya faida imepotea). Ila kama kifundo kimevimba na huwezi kupiga hata hatua 4, usianze mazoezi, kapige eksirei kwanza.