Mazoezi ya kukimbia Capri Point yanatosha kupanda Kilimanjaro?

Mkuu umesema unakimbia kila asubuhi Capri Point hapa Mwanza, unataka kupanda Kilimanjaro kwa siku tano njia ya Marangu alafu baadaye Everest, ukauliza kama mazoezi hayo yanatosha. Ngoja nikwambie yaliyonikuta maana nilikuwa na mawazo hayohayo.

Mara ya kwanza niliondoka Mwanza niko fiti kweli, mpira nacheza, kilima cha Bugando napanda mbio, begi limejaa masweta ya mitumba ya Mlango Mmoja. Siku ya kwanza tukalala kambi ya Mandara mita 2720, ya pili Horombo 3720, ya tatu Kibo 4720, niko mbele muda wote, wapagazi wananiambia pole pole kaka mi naona wananichelewesha. Sasa sisi huku tunaishi kwenye mita 1140 hivi, siku tatu tu nimepanda zaidi ya mita 3500. Oksijeni ni asilimia 21 ileile ya hapa Kirumba ila presha ya hewa inashuka, kule kileleni 5895 ni karibu nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingia na kidogo. Mwili unataka siku za kuzoea na ufiti hauzipunguzi, vijana ndo tunaumia hapo, miguu inatupeleka haraka kuliko mwili unavyozoea.

Saa sita usiku tukatoka Kibo. Kichwa kilikuwa kinauma tangu jioni, nikaficha. Tumepita pango la Hans Meyer nikatapika, kamba ya kiatu ikafunguka, nikainama, nimeishika naitazama tu, nimesahau fundo linafungwaje. Muongozaji akaniona. Akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo, akasema tembea hapo juu, kisigino kiguse vidole vya mguu wa pili. Hatua ya tatu nikamwangukia. "Mdogo wangu, tunashuka sasa hivi." Nikalia aisee, nikamwambia akiba yangu yote iko kwenye hii safari, hakubishana, akanishika mkono tukashuka. Kukosa balansi vile ni dalili ubongo umeanza kuvimba, ukisema ulale usubiri kupambazuke unaweza usiamke. Tulivyofika Horombo nilikuwa nimepata nafuu, nakunywa chai.

Mdau hapo juu kasema kurudi ni uoga. Hapana. Wavuvi wa Mwaloni ziwa likichafuka wanageuza, nani anawaita waoga? Mpelelezi Shackleton wa Uingereza mwaka 1909 aligeuza akielekea Ncha ya Kusini ikiwa imebaki kama kilomita 180, yeye na wenzake watatu wakarudi wazima. Mpelelezi mwingine, Scott, na wenzake wanne walifika hapo nchani Januari 1912, hakurudi hata mmoja.

Mwaka uliofuata nikaenda kwa siku sita, Horombo tukalala mara mbili, ile siku ya ziada tukapanda mpaka miamba ya Zebra Rocks juu ya Horombo tukashuka kulala chini. Usiku wa kileleni nikawa nafungua na kufunga kamba za viatu kila tukipumzika, vidole vinakumbuka. Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, jua likachomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi, kileleni Uhuru nikafika.

Everest ndoto nzuri, Mtanzania mwenzetu Wilfred Moshi alifika 2012, lakini kule watu wanakaa wiki kadhaa wanapanda na kushuka kambi kwa kambi kabla ya kugusa 8848. Kwa sasa ongeza siku, hata kama itabidi usubiri mwakani upate hela, na kichwa kikiuma mwambie muongozaji saa hiyohiyo. Jaketi langu zito bado lipo, ukilitaka sema nikuletee stendi ya Nyegezi.