Programu ya C Inapofia Ndani ya free(), Kosa Litafute Nyuma Yake

Ugumu wa makosa ya kumbukumbu katika lugha ya C ni kwamba mahali programu inapofia mara nyingi sipo mahali ilipoharibiwa. Kwa hiyo usikimbilie kurekebisha mstari uliotajwa na debaga, yaani programu ya kusaka makosa. Tafuta kwanza ni mstari gani uliotangulia kuandika nje ya eneo lake.

Niliwahi kukabidhiwa programu iliyonakili majina ya wateja kwa kutenga nafasi kwa malloc(strlen(jina)), yaani baiti sawa na idadi ya herufi za jina, na kisha kuita strcpy ya kunakili. Ilipungua baiti moja, ile ya sifuri inayofunga mfuatano wa herufi, lakini majina mengi yalipita salama kwa sababu katika Linux ya biti 64 glibc, maktaba inayogawa kumbukumbu, hutoa nafasi isiyopungua baiti 24 hata ukiomba 5. Jina lilipofika herufi 24 kamili, sifuri hiyo iliangukia pale glibc inapohifadhi ukubwa wa kipande cha kumbukumbu kinachofuata, na programu ikaja kuanguka baadaye sana, ndani ya free(), amri ya kurudisha kumbukumbu iliyotengwa, katika faili lisilohusika kabisa na majina.

Hitilafu ya namna hii haisakwi kwa kutawanya printf, amri ya kuchapisha ujumbe, kila mahali. Tena printf yenyewe huweza kutenga kumbukumbu, ikabadilisha mpangilio wa vipande na dalili zikapotea. Kompaili upya kwa -g (taarifa za mistari) na -fsanitize=address (kikaguzi cha kumbukumbu), ambayo kompaila za GCC na Clang zote zinayo. Ripoti itakuonyesha mstari ulioandika kupita mpaka na pia mstari uliotenga nafasi hiyo. Huo wa pili usomwe kwa makini zaidi, maana mara nyingi ndiko hesabu ilikokosewa. Usipoweza kukompaili upya, tumia Valgrind, zana inayokagua kumbukumbu programu ikiendeshwa, ingawa programu itakwenda polepole mno.

Kuhusu realloc, inayobadilisha ukubwa wa nafasi iliyotengwa, kumbuka kwamba inapohamisha safu, pointa zote (yaani anwani za kumbukumbu) zilizoelekea ndani ya safu ya zamani hazifai tena, hata kama data bado inaonekana humo. Kuandika NULL (thamani ya kutoelekea popote) katika pointa baada ya free() ni desturi nzuri, ila husafisha pointa moja tu, na nakala zake zilizohifadhiwa kwingine hubaki zilivyo. Ndiyo maana, kwa safu yoyote inayoweza kukua, mimi huhifadhi namba ya nafasi ya kila kipengele badala ya pointa yake.