Gemu za kulipia kwenye Linux
Eti hakuna kampuni ya gemu itakayohangaika na Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows) kwa sababu watumiaji ni wachache? Hoja hiyo ilikuwa na mashiko mwaka 2015, Steam Machines, kompyuta za gemu zenye Linux za Valve (wenye duka la gemu la Steam), zilipododa sokoni, maana mtengenezaji alitakiwa atoe toleo la Linux la gemu yake. Siku hizi sivyo. Tangu Proton, programu ya Valve ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, itoke 2018, gemu nyingi za Windows unazibonyeza tu kwenye Steam zinafunguka: maagizo ya michoro ya Direct3D (ya Windows) yanageuzwa papo hapo kuwa ya Vulkan (ambayo Linux inayaelewa), na mwenye gemu hagusi hata mstari mmoja wa msimbo. Steam Deck ya 2022, kompyuta ya gemu ya mkononi ya Valve, inaendeshwa hivyo hivyo, na mtu anaweza kuitumia mwaka mzima bila kujua kwamba ni Linux (wala hana haja ya kujua).

Kinachokwamisha ni programu za kuzuia udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni. BattlEye na Easy Anti-Cheat zinakubali Proton, ila lazima mwenye gemu aruhusu. Gemu ya Apex Legends iliruhusu, halafu 2024 ikafunga mlango. Kama wewe ni mtu wa mashindano ya mtandaoni, usiifute Windows bado. Kama unacheza peke yako, hamia hata leo, ila chungulia kwanza ProtonDB, tovuti ambako watumiaji wanaeleza gemu zipi zinafanya kazi.