Kompyuta mpakato ya kubeba porini: ya mtumba au mpya ya dukani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa Njiro, Arusha, kazi yangu ni kuongoza watalii. Mara tatu au nne kwa mwezi nipo njiani: Karatu, Ngorongoro, Serengeti. Jioni nahamisha picha kutoka kwenye kamera, nazisafisha kidogo, naandika ripoti na kuwajibu wageni barua pepe. Nimeoneshwa kompyuta mpakato tatu. Ya kwanza ni mpya, prosesa ya Celeron N4020, RAM GB 4, diski GB 64, shilingi 650,000. Ya pili ni ThinkPad T480 ya Lenovo, ya mtumba, prosesa ya i5, RAM GB 8, SSD ya GB 256, shilingi 700,000. Ya tatu ni MacBook Air M1 ya mtumba, RAM GB 8, SSD ya GB 256, shilingi 1,500,000. Nina milioni moja niliyoikusanya kwa tabu, ila nikishawishika naweza kukopa kwenye kikoba. Ipi nyepesi, ipi ina nguvu, na ipi hela yangu haitapotea?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile mpya, maana ndiyo inayoumiza wengi. Usiinunue. Waranti inavutia, na wepesi wake ni wa kweli, lakini prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ina viini (vitengo vya kazi) viwili tu, na ile GB 64 si SSD, ile diski ya kasi. Kwenye mashine za daraja hilo huwa ni chipu ya eMMC iliyochomelewa kwenye ubao, ndugu wa karibu wa memori kadi. Windows 11 yenyewe inadai angalau RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ya GB 64. Yaani mashine hiyo ina kile kiwango cha chini kabisa na hakuna cha ziada. Windows ikishakaa humo pamoja na masasisho yake, nafasi inayobaki haitoshi hata kumwaga kadi moja ya kamera yako ikijaa. Nimeletewa mezani kwangu hapa Moshi mashine zenye diski kama hiyo zikiwa bado changa, mwenyewe akidhani zimeingia virusi. Nikifungua nakuta zimejaa tu, na siwezi kumsaidia kwa sababu chipu ile haitoki.

Zinabaki mbili, na hapa ndipo pana mazungumzo.

MacBook Air ya M1 ilitoka Novemba 2020, na kwa kazi ya picha bado inaiacha T480 mbali. Ina kilo 1.29. Kioo chake kina pikseli 2560 kwa 1600 na rangi zake unaweza kuziamini. Apple waliitaja kwa saa 15 za kuperuzi intaneti. Ya mtumba itatoa pungufu, lakini bado ni nyingi. Kinachonivutia zaidi kwa kazi yako ni kwamba haina feni. Unalijua vumbi la kuanzia Ngorongoro kushuka kuelekea lango la Naabi la Serengeti, lile laini la majivu ya volkano. Feni hulivuta ndani, likaganda kwenye kipoza joto, mashine ikaanza kuchemka na kupunguza mwendo. Mac hiyo haivuti kitu.

Lakini RAM na diski yake vimechomelewa. GB 256 uliyonunua leo ndiyo utakayozeeka nayo, labda utembee na diski ya nje. Haina tundu la kadi ya kamera. Ina matundu mawili tu ya USB-C, kwa hiyo uongeze na adapta. Kioo kikipasuka barabarani, bei yake itakutoa machozi. Pia kuna jambo la kufuli. Mteja wangu mmoja alileta Mac nzuri kabisa aliyouziwa mkononi, tulipoifuta na kuiwasha upya kwenye intaneti ikatangaza kuwa ni mali ya kampuni fulani ng'ambo na inasimamiwa kutoka huko. Hela ilishaenda. Ukinunua Mac ya mtumba, ifutwe mbele yako, iunganishwe na Wi-Fi, na ufike mpaka mwisho wa kuiandaa bila kuulizwa akaunti ya mtu mwingine. Muuzaji akisema intaneti haipo leo, rudi siku itakayokuwepo.

T480 ni ya 2018. Ina uzito wa karibu kilo 1.6 ikiwa na betri ndogo, na inakaribia kilo 2 ukiivalisha ile kubwa. Ni nzito kuliko Mac, sitaki kukuficha. Ila i5 yake mara nyingi ni ya kizazi cha nane, na hilo lina uzito wake: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, kama hizo i5 na i7, Windows 11 inaanza kukubali rasmi kizazi cha nane. Chini ya hapo ni kuzunguka zunguka. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni i7", usishtuke, omba namba yote. i7-6600U ni kizazi cha sita na ina viini viwili. I5-8250U ina vinne. Kwa prosesa hizi za hadi kizazi cha tisa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokwambia kizazi.

Uzuri wake mwingine ni kwamba inafunguka. Ina nafasi mbili za RAM, SSD inabadilishwa kwa bisibisi, tundu la kadi ya kamera lipo, kibodi na kioo cha mtumba vinapatikana kwa bei ya kibinadamu.

Ushauri wangu ni huu: chukua T480, na shilingi 300,000 zinazobaki ziingie kwenye RAM ifike GB 16, na betri ya nje ya Wh (wati-saa) 72. Kikoba kiache. Ungekuwa unaziuza hizo picha, zikawa ndizo zinazokulisha, ningekwambia subiri, kusanya, nunua Mac. Kusafisha kidogo jioni na kuandika ripoti hakuhitaji deni la laki tano.

Kabla hujalipa, kagua. Kioo kwanza: T480 nyingi zilitoka na kile cha 1366 kwa 768, ukiinamisha kidogo rangi zinageuka. Hicho kwa picha hakifai. Dai cha IPS, aina ambayo rangi hazigeuki hivyo, cha 1920 kwa 1080. Iwashe huku ukibonyeza F1. Ikidai nywila, iache hapo hapo, nywila hiyo ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) kuitoa ni kazi ngumu. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, ombea punguzo. Chaji kupitia USB-C uone inakubali, maana mashine za familia hiyo zilikuwa na kasoro ya programu ya tundu hilo, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha mwaka 2019. Nyingine hazikuwahi kusasishwa.

Porini tumia chaja ya gari ya USB-C ya wati 65 kwenye tundu la kiberiti cha sigara, injini ikiwa inaunguruma. Hiyo ni bora kuliko inveta za bei rahisi, ambazo umeme wake si safi. Na T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje. Ya nje ikiisha mko Seronera, katikati ya Serengeti, hakikisha ya ndani bado ina chaji, geuza mashine, sukuma vile vifungo viwili vya betri, pachika nyingine. Haizimiki, na picha zako zinaendelea kuhama.