Wasomaji wanauliza: Majina ya wenzetu waliotangulia

SWALI: Tulikuwa pamoja tangu msitu wa Luweero. Sasa tumebaki saba, na wawili hawaoni tena. Kila Tarehe Sita (Februari 6, siku ya kukumbuka kuanza kwa vita vya msituni) tunakutana na kutaja marehemu wetu, na kila mwaka jina fulani linatupotea. Tunataka kuyaandika, kisha tuyaweke kwenye jiwe. Tuanzie wapi? (Veterani, Nakaseke)

JIBU: Mzee wetu, anzeni na mtu mmoja mmoja, si mkutanoni. Mkikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huwavuta wengine, na baada ya muda kila mtu anakumbuka anachokumbuka huyo. Mjukuu mwenye simu amfuate kila mzee nyumbani asubuhi, kabla hajachoka, amrekodi kama dakika arobaini, basi. Aanze na aliye mgonjwa zaidi.

Kila marehemu apewe ukurasa wake kwenye daftari: jina la ukoo, la dini, la msituni, jina la baba, kijiji na gombolola, kazi yake, alipoanguka, nani alishuhudia. Jina la msituni lisiachwe. Mara nyingi ndilo pekee wenzake walilolijua, na nyumbani kwao hawajawahi kulisikia; hapo ndipo mtu mmoja huandikwa mara mbili kama watu wawili. Na wakiwapo akina Okello wawili, jina la baba na kijiji ndivyo vitakavyowatenganisha. Namba ya jeshi (RA kwa askari, RO kwa ofisa) inakiliwe kutoka kwenye karatasi, isitajwe kwa kichwa.

Angalieni vyeo. NRA, jeshi lenu la msituni, ilianza kutoa vyeo rasmi mwaka 1988, kwa hiyo aliyekufa 1983 hakuwa Kapteni, hata kama wa rika lake walifika huko. Mwandikeni alivyokuwa: kamanda wa seksheni, mpishi, mbeba majeruhi. Hiyo ndiyo heshima yake.

Msimbane mzee kwa tarehe. Muulizeni: mahindi yalikuwa mabichi? Ilikuwa kabla ya kuingia Kampala, Januari 1986? Jina lililotajwa na wawili, kila mmoja kwa wakati wake, ni la uhakika. Lenye shahidi mmoja liwekeeni alama ya penseli, lakini msilifute.

Kabla ya jiwe, familia. Wako mama na wajane ambao hawajaambiwa kitu hadi leo. Waendeeni nyumbani, mkae nao, muwaeleze. Kusoma habari hiyo kwenye jiwe mbele za watu ni jeraha jingine.

Bamba la shaba au chuma msiweke, litaishia kwa wanunuzi wa chakavu. Herufi za rangi hupauka. Granaiti ya kuchongwa ndiyo bora. Pesa zikiwa chache, tumieni zege: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na mlifunike kwa magunia yenye maji siku 7, maana likikaushwa na jua kwa haraka hupasuka. Wazee wawili wasomewe orodha yote kwa sauti kabla fundi hajagusa jiwe. Chini acheni nafasi, kuna majina yatakayopatikana baadaye.

Na mrekodi asiondoke mara tu mzee anapomaliza kusimulia. Anywe naye chai kwanza. Ndoto za vita zikirudi na usingizi ukapotea wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anataka kuwafuata wenzake, mpelekeni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

SWALI: Kaka yake babu alienda Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), hakurudi. Tutampata wapi? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye intaneti, na kuitafuta ni bure. Wengi waliokosa kaburi Burma wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan. Msitafute kwa tahajia moja. Makarani waliandika walivyosikia, R ikawa L, na wengi waliandikwa jina moja tu. Mkiwa na namba yake ya jeshi au batalioni, anzeni na hiyo. Vijana wengi wa Uganda walikuwa batalioni ya 4 ya KAR.